Nyumba Isiyofukizwa

Mtu akikwambia kwamba Isiolo kuna pua inayojulikana kuliko sura ya mwenyewe, ujue anamsema Sadiya wa uunsi. Mama huyu angesimama kibandani mwake sokoni, mgongo ameupa barabara, akakwambia ni nani anapita nyuma yake: huyu ametoka mnadani kuuza mbuzi, huyu amekuwa akifunga miraa tangu alfajiri, na yule bwana harusi, maskini, amepakwa marashi ya kuokoteza. Watu walicheka, lakini waliamini. Akina mama walimletea mabibi harusi wao hata kutoka Merti awachagulie harufu ya kuingia nayo nyumba mpya. Sadiya alimnusa msichana shingoni, akafumba macho, akatoa mtungi mmoja tu kati ya yote aliyokuwa nayo, na hakuna aliyebishana naye.

Uunsi, kwa asiyeujua, ni udi wa kupikwa. Sukari inayeyushwa sufuriani, inatiwa ubani na sandali na manukato ambayo kila mpishi anamficha hata dada yake wa tumbo moja, halafu inavunjwavunjwa vipande. Jioni unaweka kipande juu ya kaa la moto ndani ya dabqaad, chetezo cha udongo, na nyumba inajaa moshi mtamu. Moshi huo ndio heshima ya nyumba. Mgeni anafukizwa, nguo za Ijumaa zinafukizwa, nywele za msichana zinafukizwa. Nyumba ya mke wa mtu ikipitisha magharibi kadhaa bila uunsi, majirani wanaanza kuulizana, maana anayeacha manukato hivyo ni mjane aliye ndani ya eda.

Sigara ni habari nyingine kabisa. Sadiya aliwahi kumtoa shemeji yake sebuleni, chai iko mkononi, kwa sababu ya kipisi kilichokuwa kimezimwa kikasahauliwa mfukoni. Nalisema hili mapema kwa kuwa midomo ya mji huu haina kazi, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba mama yule alijua akajitia hamnazo. Hakujua! Kwake yeye moshi ulikuwa wa namna mbili, ule wa kufukuza mgeni na ule wa kumkaribisha. Kitu cha namna ya tatu hakuwahi kukutana nacho.

Aliyeleta balaa ni Abdiladif, mtoto wa dada yake, kijana wa maneno mengi aliyekuwa akimletea ubani na sandali kutoka Islii, Nairobi. Siku moja, pamoja na mzigo wa kawaida, alishusha boksi la vitu vidogo vya plastiki, virefu kama kidole, vyenye rangi za peremende.

"Habaryar, hebu nusa hii," alisema. Ndivyo Wasomali wanavyomwita mama mdogo.

Sadiya alinusa. Lo! Embe, tena lile lililoiva mpaka maji yanakutiririka kiwikoni.

"Ni nini hii?"

"Uunsi wa kisasa. Hauna makaa, hauna majivu. Mtu anapuliza, mdomo unanukia, nguo zinanukia. Wasichana wa Nairobi wanatembea nao kwenye mkoba."

"Ni ya kuvuta?"

"Ya kupuliza, habaryar. Ya kupuliza."

Mwongo mkubwa! Mtu atapuliza nini kama hajavuta? Lakini Sadiya alikuwa ameshashika cha stroberi, na baada yake cha tikiti, na pua yake ilikuwa imefurahi. Pua yake ikifurahi, kichwa hakiulizwi tena. Boksi lilikuwa na maandishi ya Kizungu madogo kama mayai ya chawa, na yeye na Kizungu walisalimiana kwa mbali tu. Basi akavipanga katikati ya mitungi ya uunsi, akaviita vikalamu, na akina mama wengine wa soko walipoona vinakwenda, nao wakamwagiza Abdiladif.

Siku ya Idi, Fartun, kitinda mimba wake, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama mbele ya kioo na gauni jipya. Baba yake, Abdirahman, alikuwa mbali, akichunga ngamia upande wa Merti, hakufika kwa sikukuu. Sadiya alitaka mtoto ajisikie ana mtu. Akafungua mkoba, akatoa kikalamu cha embe, akamtia mkononi.

"Chukua, hooyo. Mtoto wa mwenye uunsi hawezi kutoka na harufu ya jasho. Idi njema."

Hooyo ni mama, na mama wa Kisomali humwita mwanawe vivyo hivyo. Fartun alicheka, akamkumbatia. Kutoka siku hiyo akawa ananukia embe, baadaye stroberi, na Sadiya kila alipoinusa ile harufu nyumbani alifurahi moyoni. Binti amekua, alijiambia, binti anajijali. Vikalamu vilipopungua kibandani siku za Jumamosi, Fartun akiwa ndiye anayeuza, hakujali. Ni vya nyumbani.

*

Simu kutoka shuleni ilikuja Sadiya akiwa anakoroga sukari jikoni, na sukari ile iliungua. Alifunga leso, akapanda boda, akafika ofisini kwa naibu mwalimu mkuu jasho linamtoka. Naibu aliitwa Madam Kagendo, mama wa Kimeru, mpole kwa sauti lakini macho yake hayakuwa na mchezo. Fartun alisimama karibu na kabati, kichwa chini. Mezani, juu ya gazeti, kulikuwa na kikalamu cha rangi ya waridi.

Sadiya alikijua kabla hajaketi. Alikuwa amekipanga kwa mkono wake mwenyewe mwanzoni mwa wiki.

"Mama Fartun, karibu ukae," alisema Madam Kagendo. "Hii kitu unaijua?"

"Ni... ni ya manukato?"

"Ndivyo wanavyotaka tufikiri. Hii ni sigara ya umeme, watoto wanaiita vepu. Ndani yake kuna nikotini, ile ile ya tumbaku, na wakati mwingine nyingi kupita sigara yenyewe. Wameificha ndani ya embe na stroberi ili mtoto asiikatae. Tumempata Fartun nayo chooni. Na si mara ya kwanza kutoka darasani. Hawezi kukaa mpaka kengele ilie. Mikono inatetemeka, anagombana na wenzake. Juzi kwa michezo alikimbia kidogo tu, akaketi chini ameshika kifua."

Tumbaku. Neno hilo lilimwingia Sadiya likamkata maini. Shemeji yake wa sebuleni alimjia machoni, na chai yake, na aibu yake.

"Sasa sikiliza, mama," Madam Kagendo aliendelea. "Mimi sitaki kumfukuza huyu mtoto. Ana akili. Lakini ameshawapa wenzake, na wenzake wanataka zaidi. Kuna mtu mkubwa huko nje anawauzia watoto wetu. Fartun akiniambia ni nani, kesho yuko darasani. Akikataa, mwalimu mkuu amesema akae nyumbani mpaka aseme, na asiposema, nafasi yake hapa imekwisha." Akamgeukia msichana. "Fartun, ni nani?"

Nje, wasichana walikuwa wakicheza mpira wa wavu, wakipiga kelele.

"Labda mama anajua," alisema Madam Kagendo. "Mama, unajua amepata wapi?"

Hapa ndipo mtu alipotakiwa kuwa mtu. Sadiya alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa soko. Mabibi harusi waliletwa kwake shingo wazi. Aliona jina lake likipita mtaa kwa mtaa, Sadiya anauzia watoto tumbaku, na mdomo ukafunguka peke yake.

"Mimi sijui," alisema. "Wallahi mwalimu, mimi sijui."

Wallahi! Jina la Mungu lilimtoka bila kuitwa. Fartun aliinua macho, akamtazama mama yake mara moja tu. Haukuwa mtazamo wa hasira, heri ungekuwa wa hasira. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Niliokota," alisema.

"Uliokota wapi?"

"Njiani."

Madam Kagendo alishusha pumzi, akakifunga kikalamu ndani ya gazeti. "Basi nenda nyumbani ukaokote ukweli," alisema, na maneno hayo Sadiya aliyabeba mpaka nyumbani.

Walirudi kwa miguu, maana Fartun alikataa boda. Walipofika karibu na msikiti Sadiya hakuweza tena kuvumilia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungetaka niseme nini, hooyo?"

Vumbi la lori la ng'ombe liliwafunika wote wawili, na Sadiya alishukuru, kwa sababu alikuwa analia.

*

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, tusidanganyane. Sadiya alitoa vikalamu vyote kibandani, akavifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akidhani kwamba kitu kikiondoka machoni kimeondoka mwilini. Fartun alishikwa na maumivu ya kichwa. Alimjibu mama yake maneno ambayo hayakuwahi kusikika katika nyumba ile, halafu akaomba msamaha, halafu akayarudia. Chakula kilimshinda. Mchana mmoja Sadiya alitoka nje kumwaga maji, akamkuta binti yake amepiga magoti kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, na kikalamu kilichokwisha mdomoni, kimejaa majivu na maganda ya vitunguu, anavuta kwa nguvu zote mashavu yakizama, na hakuna kinachotoka.

"Hooyo, usiniangalie," alisema Fartun. "Tafadhali usiniangalie."

Sadiya alimshika mabega, akamwinua, akampangusa mdomo kwa upindo wa leso. Huyu alikuwa mtoto ambaye zamani hakunywa kikombe cha mwenzake. Alimwosha uso kama mtoto mchanga, akamlaza, na alipotoka chumbani alimpigia Abdiladif simu.

"Uliniambia ni uunsi!"

"Habaryar, pole pole. Kwenye boksi imeandikwa."

"Mimi nasoma boksi? Nilikusoma wewe. Wewe ni damu yangu!"

"Kila mtu anauza," alisema kijana yule, na sauti yake haikuwa hata na haya. "Usipouza wewe, atauza jirani yako. Halafu sikia, Alhamisi kuna baraza la chifu kuhusu hizi vitu. Wafanyabiashara wote wanataka wewe ndiye uwasemee. Ukisimama wewe, hakuna atakayepinga. Usituangushe."

Ni kweli walimtaka. Jioni hiyo hiyo walikuja nyumbani, akina mama wa soko watatu na M'Ikiara, mzee wa miraa kutoka milima ya Meru aliyekaa Isiolo mpaka akajua kugombana kwa Kiborana. Walikaa, wakanywa chai, wakasema yao. Chifu Galgalo na wazazi wa shule walitaka mji ukubaliane: vepu zenye ladha za matunda na peremende zitoke kabisa sokoni na madukani, na zile zisizo na ladha, mtoto asiuziwe, atakayemuuzia afunge kibanda.

"Leo ni hiyo kitu ya embe," alisema M'Ikiara. "Kesho watasema miraa. Mimi najua vile hii maneno huanza. Mama Fartun, wewe ongea tu kidogo. Sema biashara ni biashara, na kila mzazi achunge mtoto wake."

Kila mzazi achunge mtoto wake! Nyuma ya pazia, mtoto wa mzazi alikuwa amejikunja kitandani, akisikia kila neno. Sadiya aliwamiminia chai, akawaambia amesikia.

*

Baraza lilifanyika uwanjani karibu na ofisi ya chifu, viti vya plastiki vikaisha mapema, watu wakakaa juu ya mawe na pikipiki. Madam Kagendo alikuwa mbele na wazazi. Abdiladif alisimama upande wa vijana wa boda, mikono mfukoni. Fartun hakutaka kuja, lakini Bisharo, jirani yao, Mborana muuza maziwa, alimshika mkono akamleta, akisema mtoto hawezi kukaa ndani kama mtu mwenye surua.

Chifu alisema, mwalimu alisema, M'Ikiara alisema akapigiwa makofi. Kisha wakamwita Sadiya, na makofi yakawa makubwa zaidi. Alisimama.

"Mimi ni Sadiya wa uunsi, mnanijua," alianza. "Wenzangu wamenituma niseme kwamba biashara ni biashara, na kila mzazi..."

Hapo upepo ukageuka. Kutoka upande wa pikipiki, harufu ya embe ilimjia, tamu, safi, na pua yake, pua ile ile iliyomponza, ilifurahi kidogo kabla yeye mwenyewe hajaizuia. Akaichukia pua yake kwa mara ya kwanza maishani. Alimtafuta Fartun kwa macho. Msichana naye alikuwa ameinua uso kwenye harufu ile, na mkono wake umeng'ang'ania nguo ya Bisharo.

"Nimetumwa niseme hivyo," alisema Sadiya. "Sasa nitasema ambalo sikutumwa. Binti yangu amerudishwa nyumbani kwa sababu hataki kumtaja aliyemuuzia. Hakuuziwa. Mimi ndiye niliyempa. Siku ya Idi, kwa mkono wangu huu, nikamwambia Idi njema."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata.

"Nilidhani ni manukato. Mkinicheka mna haki. Mimi ambaye nawaambia ninyi nani amepita, nilifuga kitu hiki ndani ya nyumba yangu na nikakisifu. Lakini kosa kubwa si hilo. Mwalimu aliniuliza mbele ya mtoto kama najua kimetoka wapi, nikaapa sijui. Mtoto wangu akanifunika. Amekubali kukosa shule ili mimi nisiaibike. Madam Kagendo, mwuzaji unayemtafuta ni mimi. Mrudishe mtoto darasani."

"Mama!" M'Ikiara aliruka kutoka kitini. "Tumekutuma useme nini, na umesema nini!"

"Miraa yako inanuka miraa, M'Ikiara," alisema Sadiya. "Mtoto akiitafuna, mama yake anaona shavu, anasikia harufu, anamkamata. Sigara inanuka sigara. Hii inanuka embe. Inaingia nyumbani, inakaa na wewe, inakula na wewe, na wewe unamwambia mtoto leo umenukia vizuri. Nitachunga vipi mtoto wangu kwa kitu kilichotengenezwa nisikijue? Kama mnataka kuiuza, itoeni embe kwanza!"

M'Ikiara aliketi. Alisugua kidevu chake muda, akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini kwamba mama huyo hajasema uongo. Chifu alipoitisha mikono, mingi iliinuka, mingine ikabaki mapajani, na wengine waliondoka wakinung'unika. Ladha zilipigwa marufuku sokoni na madukani. Abdiladif aliwasha pikipiki kabla watu hawajamaliza kusimama, akapita mbele ya mama yake mdogo bila salamu.

Fartun hakumkimbilia mama yake kama unavyodhani. Alibaki pale alipokuwa, akilia kimya, na Sadiya ndiye aliyeuvuka uwanja mzima, watu wakimtazama, mpaka akamfikia.

*

Mtoto alirudi shuleni. Ningependa kusema mambo yakaishia hapo, lakini hayakuisha. Kibandani wateja walipungua. Wengine walisema mama mkweli, wengine walisema pua ya Sadiya imekufa, na mama mmoja aliyekuwa ameahidi kuleta bibi harusi alimpeleka kwingine. Hayo Sadiya aliyameza. Lililomnyima usingizi ni jingine. Abdiladif alikuwa amehamia steji, kwenye kituo cha matatu, anauza kutoka begini, chini chini, na steji iko njiani kutoka shuleni. Na Madam Kagendo alikuwa amemwonya waziwazi kwamba mwili uliozoea kitu hiki haukisahau haraka.

Basi Sadiya akafanya jambo moja. Aliacha kufukiza uunsi nyumbani kwake. Alifua mapazia, akaanika mashuka juani, akaiondoa dabqaad sebuleni akaiweka juu ya kabati. Alitaka nyumba isiyo na harufu yoyote, ili Fartun akiingia kutoka shule, lolote alilobeba lisikike. Kila alasiri alimngojea mlangoni, akamkumbatia, akavuta pumzi. Sabuni. Jasho. Chaki. Alhamdulillahi. Kesho yake tena.

Alasiri moja, kabla mtoto hajarudi, Bisharo aliingia amejifunika khanga kichwani, kilo za sukari mkononi, machozi yanamshuka.

"Sadiya, dada yangu! Abdirahman amefariki lini na hukunipigia hata kelele?"

"Abdirahman gani? Wangu? Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia! Napita hapa kila magharibi, nyumba yako haitoi uunsi. Nikasema, huyu ameingia eda, na anaficha msiba kwa sababu watu wamemsema."

Walitazamana. Kisha Sadiya akaanza kucheka, Bisharo naye akacheka, wakashikana mikono wakacheka mpaka sukari ikaanguka. Abdirahman mwenyewe alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kulalamika kuhusu kupe. Lakini kicheko cha Sadiya kilibadilika njiani kikawa kilio, na akamweleza jirani yake kila kitu, mlango, kumbatio, kunusa.

Bisharo aliokota sukari taratibu. Alikuwa mwanamke wa maziwa, aliyefukiza vibuyu kila siku ya maisha yake ili maziwa yanukie, na harufu aliijua pia.

"Na akiolewa?" aliuliza. "Utahamia kwa mumewe ukamnuse?"

"Nifanye nini basi? Nikae nisijue?"

"Mimi sijui, dada yangu," alisema Bisharo. Akaiacha sukari mezani, akaenda zake.

Fartun alifika jua likikaribia kuzama. Sadiya alimngojea mlangoni kama kawaida, akafungua mikono kama kawaida. Mtoto akaingia ndani ya mikono ile akasimama wima, kama mtu anayepekuliwa na askari. Sadiya alivuta pumzi. Sabuni. Jua. Na juu yake, nyembamba, kitu cha baridi kidogo. Mnanaa. Peremende ya dukani, labda. Labda.

"Umemaliza?" aliuliza Fartun.

"Nini?"

"Kuninusa."

Sadiya alimwachia. Uso wa msichana haukuwa wa kiburi, ulikuwa umechoka tu.

"Kila siku nikifika kwa lango moyo unanipiga, hooyo, na sijafanya kitu. Napita steji naangalia chini. Abdiladif ananiita, siendi. Naumia, lakini siendi. Halafu nafika hapa, na hunikumbatii, unanitafuta. Siku zingine nafikiria bora tu niende, ndio hicho unachotafuta ukipate."

"Na mnanaa?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Fartun alifumba macho. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya peremende iliyokunjwa, akaishikilia mbele ya mama yake. Karatasi ilikuwa karatasi tu. Haikuthibitisha kitu, na wote wawili walilijua hilo.

Sadiya hakuipokea. Msikitini, adhana ya magharibi ilianza. Aliingia ndani, akavuta kiti, akapanda, akaishusha dabqaad kutoka juu ya kabati. Ilikuwa na vumbi. Akaipangusa kwa leso, akampa binti yake kwa mikono miwili.

"Washa wewe," alisema.

"Hooyo, nikiwasha hutasikia tena harufu yangu..."

"Najua. Washa."

Fartun alileta kaa kutoka jikoni, akachagua kipande cha uunsi mtungini, akakiweka. Moshi ulipanda, ukaingia kwenye mapazia, kwenye mashuka, kwenye nywele za msichana aliyekuwa ameinama juu yake akipuliza. Kutoka nyumba ya jirani, Bisharo aliita kwa sauti kwamba sasa ndiyo nyumba. Sadiya alivuta pumzi ndefu. Alisikia uunsi tu, wala hakusikia kitu kingine chochote.